Uzi wa Kwangu

Nimefuma pamba miaka thelathini na miwili
hapa Łódź, kiwanda kilipokuwa kiwanda,
kabla hawajakigeuza maduka na mikahawa.
Mtande naujua, mshindio naujua;
uzi ukikatika usiku wa manane
niliusikia kabla ya mashine.

Leo kinachokatika ni mimi.
Chafya moja, tone.
Kicheko, matone.
Ndoo ya makaa hadi ghorofa ya tatu, usiulize.
Navaa sketi nyeusi mwaka wa sita huu,
majirani wanadhani bado namlilia Ludwik.
Namlilia, ndiyo. Lakini si kwa sketi.

Waliosema mficha uchi hazai
hawakusema neno juu ya aliyekwisha zaa wanne,
wa mwisho kilo nne na nusu.

Zdzisława ndiye aliyenifichua.
Jumamosi, klabu ya wastaafu, akodioni ikapiga polka,
nikabaki kitini.
Akaniinamia sikioni: "Na wewe?"
Maneno mawili tu.
Ile "na" ndiyo iliyonitoa machozi.

Daktari Sobczyk ni kijana, masikio yamemtoka,
hachezei kalamu mtu anapozungumza.
Mazoezi nimefanya, nikamwambia, miezi saba,
kukaza na kuachia, kukaza na kuachia,
hata ndani ya tramu, uso mkavu kama wa mtawa.
Akanichora nyuma ya bahasha:
kibofu mfano wa kiazi, mrija chini yake,
na sakafu iliyolegea.

"Kuna sindano ya kunenepesha kuta za mrija.
Nyepesi, lakini nguvu yake huisha, utarudi.
Kuna kuinua shingo ya kibofu na kuishona
kwenye kano nyuma ya mfupa.
Kuna na mkanda."
Akautoa kwenye droo.

Nikautia kati ya kidole gumba na cha shahada.
Plastiki. Matundu yamepangwa vizuri, sitasema uongo,
ila pindo halikumaliziwa.
"Huu ukikataa kukaa, unafumuliwaje?"
Akanyamaza. Nilimpenda kwa kule kunyamaza.
"Nyama humea ndani ya matundu.
Wengi hawapati shida. Wachache hupata,
na kuutoa ni kazi kubwa kuliko kuuweka."

Wengi nawajua. Wachache nawajua pia.
Katika kila jora ipo mita moja
ambayo mkaguzi huigeuza, akaitia chaki.
Mita haichagui.

"Na uzi wa kwangu mwenyewe, haupo?"
Upo: ukanda wa utando mgumu wa tumbo,
hukatwa, hupitishwa chini ya mrija, ukaubeba.
Kovu refu. Siku nyingi za kulala.
Na huenda mkojo ukagoma kutoka.
"Kwa umri wako, Bi Genowefa..."
"Umri wangu, daktari, ndio jora lenyewe."

Sasa ni Machi. Mpira wameutoa jana.
Nimeketi chooni, na ule mkojo
uliokuwa ukitoroka bila ruhusa
naubishia hodi, haufungui.
Nafungulia maji ya sinki yauonyeshe njia.
Nainama mbele. Nahesabu
kama nilivyohesabu dakika za mwisho wa zamu.
Nesi Jagoda yuko mlangoni: "Bado?"
Bado.

Kisha unakuja, mwembamba, wa kusitasita,
uzi mmoja,
nausikiliza hadi ncha.

Nikirudi kitandani nakohoa kwa makusudi,
mkono juu ya kovu.
Nangoja.
Nakohoa tena, kwa nguvu,
hadi Jagoda anakuja mbio akidhani nakata roho.
"Pakavu," namwambia.
Haelewi. Ana miaka ishirini na mitatu.
Kikohozi nimekimaliza, imebaki chafya;
namwomba, kama hatajali,
aniibie pilipili manga jikoni.